Wanafunzi waruhusiwe kufumua walichoshona

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikilitumia neno 'bandi' katika mihadhara yangu ya semantiki kama mfano wa neno ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Nililieleza kwa ufasaha: bandi ni mshono wa muda, wa hatua ndefu ndefu, unaoshikanisha vitambaa kabla havijashonwa hasa. Wanafunzi waliandika, wakakariri, wakapita mtihani. Mwalimu wao naye aliamini kwamba analijua neno hilo. La hasha! Sikulijua mpaka nilipoamua, kwa sababu ambazo jamaa zangu wangali wanazicheka, kujifunza kushona mfarishi wa viraka.

Mfarishi wa namna hiyo huwa na matabaka matatu. Juu huwa na vipande vya vitambaa vilivyoungwa, katikati pamba, na chini bitana. Kisha yote matatu hushikanishwa kwa mishono ipitayo toka juu hadi chini. Mabaki ya vitenge niliyapata kwa fundi mmoja wa mtaani kwetu, mzee mzaliwa wa Mombasa. Alikubali kunifunza kwa sharti moja tu, kwamba nisimwulize asili ya maneno wakati cherehani inakwenda.

Nilikata miraba 100 ili niipange kumi kwa kumi. Fundi aliniagiza niache robo inchi katika ukingo wa kila kipande. Mimi, msomi, nilikadiria kwa macho. Milimita mbili zina uzito gani? Kumbe kila mshono hula vipande viwili, na safu ya vipande 10 ina mishono 9, hivyo milimita zangu mbili ziligeuka kuwa 36. Safu ya kwanza ikawa fupi kuliko ya pili kwa zaidi ya sentimita tatu na nusu. Ya tatu nilikuwa nimeikata mshazari bila kujali mwelekeo wa nyuzi, nayo ikavutika ikapinda mithili ya upinde. Mzee aliitazama kazi hiyo asicheke wala asikaripie. Alinipa wembe.

"Fumua, mwalimu," akasema, kwa sauti ileile ambayo angeniambia niketi.

Nilifumua jioni nzima. Katika kufumua ndipo nilipoona mahali hasa ambapo kosa lilianzia, jambo ambalo nisingeliona hata kama fundi angelizungushia wino mwekundu. Baadaye nilifanya kosa jingine lililonifunza zaidi. Niliiona bandi kuwa ni kupoteza wakati, kwa kuwa hata hivyo huja ikaondolewa, nikaenda moja kwa moja kwenye cherehani. Nilipougeuza mfarishi nilikuta bitana imekunjamana kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Tabaka la juu lilikuwa limesukumwa mbele, la chini likabaki nyuma. Hakuna aionaye bandi katika kazi iliyokamilika, lakini ndiyo iliyoyashika matabaka yasihame.

Wapo watakaosema kwamba kupinda si dosari. Watanikumbusha wanawake weusi wa Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, walioshona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi, na ambao kazi zao, zenye mistari mingi isiyonyooka, zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Houston mwaka wa 2002 na kustaajabisha ulimwengu wa sanaa. Sibishi. Hata hivyo, mikono ile ilikuwa imeshona miaka mingi. Ni sawa na uhuru wa mshairi tunaoufundisha kila mwaka: anayeiboronga sarufi kwa makusudi sharti kwanza awe anaijua.

Sasa hebu tuangalie yanayotendeka madarasani mwetu. Mwanafunzi huandika insha mara moja. Mwalimu huisahihisha kwa wino mwekundu, akatia alama, akairejesha. Mwanafunzi hutazama alama, akalifunga daftari. Nani amefumua nini hapo? Tunaufunza mshono wa mwisho kwa mtoto ambaye hajapata kupiga bandi hata siku moja, kisha twashangaa kwamba aya zake zimekunjamana.

Nitaambiwa kwamba karatasi ya insha katika KCSE humtaka mtahiniwa aandike insha mbili kwa saa 1 na dakika 45, na hapo hapana nafasi ya kufumua. Ni kweli. Lakini hiyo ni siku moja katika miaka minne. Mbona siku nyingine zote ziwe mfano wa siku hiyo? Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, ulikuja na ahadi ya kujifunza kwa kutenda. Lakini ikiwa kila kitendo kinatiwa alama mara tu kinapotendwa, basi tumebadilisha jina la mtihani tu.

Ninajua pia mzigo wa mwalimu mwenye insha 60 mezani na vipindi vinavyomngoja. Simwombi asahihishe mara mbili zaidi. Ninaomba tupunguze idadi ya insha kwa nusu, na kila moja iandikwe mara mbili. Ile ya kwanza isomwe, izungumzwe, hata na mwenzake wa dawati moja, isipewe alama yoyote.

Mimi mwenyewe nimejaribu muhula huu. Niliwaambia wanafunzi wangu walete kwanza rasimu za makala yao. Kijana mmoja, tena hodari, aliinua mkono akauliza kwa heshima iwapo rasimu hiyo ingehesabiwa katika alama za mwisho. Nikamjibu kwamba haitahesabiwa.

Hakuileta.