Balungi si Dawa ya Presha: Tuulize Kabla ya Kukataza

Hapa Singida balungi ni tunda la kuletwa. Ardhi yetu yenye mvua chache imezoea alizeti, mtama, uwele na vitunguu. Matunda mengi ya jamii ya machungwa tunayoyaona sokoni na stendi hutoka katika mikoa yenye mvua zaidi, kama vile Tanga na Morogoro. Pamoja na tunda hilo husafiri maneno: kwamba balungi hushusha presha, hukata mafuta mwilini na hutibu kisukari. Kwa maoni yangu, maneno hayo yanaweza kumdhuru mgonjwa kwa njia mbili, na sisi watoa huduma tunayapa nafasi kwa ukimya wetu.

Balungi si tunda la kale kama chungwa. Lilitokea katika visiwa vya Karibi katika karne ya 18, pale furungu lenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki lilipochanganya uzazi na chungwa tamu. Mwaka 1750 kasisi Griffith Hughes, katika kitabu chake kuhusu maumbile ya kisiwa cha Barbados, alieleza tunda lililoitwa huko "tunda lililokatazwa", ambalo wengi hulihesabu kuwa ndilo balungi. Mwaka 1830 mtaalamu wa mimea James Macfadyen alilipa jina la kisayansi la Citrus paradisi, yaani la peponi. Kati ya katazo na pepo, ukweli wa tunda hili uko katikati.

Faida zake ni za kweli. Takribani asilimia 90 ya nyama yake ni maji. Lina sukari ya kiasi, nyuzinyuzi, na vitamini C nyingi, ipatayo miligramu 30 katika kila gramu 100. Vitamini hiyo ina kazi maalumu katika milo yetu. Madini ya chuma yaliyomo katika mtama, uwele na mboga za majani hayafyonzwi kwa urahisi tumboni, na chai inayonywewa pamoja na chakula huzidi kuyazuia. Kipande cha balungi, chungwa au pera pamoja na mlo huusaidia mwili kuyapokea. Kwa mama mjamzito au binti mwenye upungufu wa damu, hilo si jambo dogo, ingawa halichukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu alivyoandikiwa.

Lakini tunda lenye faida si lazima liwe dawa. Balungi haliyeyushi mafuta ya mwili, wala haliwezi kushika nafasi ya vidonge vya presha au vya kisukari. Mgonjwa anayeacha vidonge kwa kulitegemea anaweza kujihisi mzima huku presha ikiendelea kuharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo bila kelele. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya madhara.

Njia ya pili humpata mgonjwa mwaminifu, yule anayemeza vidonge vyake na kula balungi pia. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada wakiongozwa na David Bailey walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la dawa ya presha iitwayo felodipini. Kiwango cha dawa katika damu kilipanda kupita matarajio, na baadaye ikathibitika kuwa chanzo ni balungi lenyewe. Katika ukuta wa utumbo mwembamba kuna kimeng'enya kinachovunja sehemu ya dawa kabla haijaingia katika damu. Balungi hukizima kimeng'enya hicho, na dozi ya kawaida ikawa kama dozi kubwa. Tunda moja au glasi moja hutosha, na athari yake huweza kudumu zaidi ya siku moja. Kwa hiyo kumeza kidonge asubuhi na kula balungi jioni si kinga.

Dawa zinazohusika zimo katika makabati yetu. Nifedipini inaweza kushusha presha kupita kiasi na kuleta kizunguzungu. Simvastatini, ya kupunguza lehemu, inaweza kuumiza misuli. Karbamazepini, ya kifafa, inaweza kuleta usingizi mzito na kupepesuka. Furungu na danzi huweza kufanya vivyo hivyo. Chungwa tamu la kawaida halina tatizo hilo.

Wapo watakaosema: basi tuwakataze wagonjwa wote. Sikubaliani nao. Metformini na hidroklorothiazidi, kwa mfano, hazivunjwi na kimeng'enya hicho, na katika mkoa ambao matunda ni ya msimu na ya fedha, katazo lisilo na sababu humnyima mtu chakula chema. Tena humfundisha kutotuamini.

Tunachohitaji ni swali moja. Kliniki ya presha humuuliza mgonjwa kuhusu chumvi, pombe na sigara, tuongeze: "Je, unakula balungi, au unatumia tunda lolote kama dawa?" Tabibu aulize anapoandika dawa, mfamasia au muuguzi arudie anapoitoa, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akumbushe anapotembelea kaya. Mahali penye dawa mbadala, mgonjwa anaweza kubadilishiwa dawa badala ya kunyimwa tunda.

Nawe mgonjwa, usiache kidonge kwa sababu ya balungi, wala usiache kulitaja kwa kuona aibu. Njoo na vidonge vyako vyote, vya hospitali na vya dukani, uulize. Kuuliza si ujinga. Na anayekuhudumia akikosa jibu papo hapo, ana wajibu wa kulitafuta kabla hujaondoka.