Usione Vyaelea: Dakika Kumi Ndani ya Gari la Fahari

Imezuka biashara ambayo wazee wetu waliozoea mabasi ya Leyland na malori ya Bedford wasingeiamini hata kwa kiapo. Mtu hutoa fedha nyingi, si kwa kununua gari, wala si kwa kusafirishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine, bali kwa kuliendesha gari la mwenziwe kwa muda wa dakika kumi, kisha akalirudisha pale pale alipolichukua. Wengine huuziwa siku nzima. Asubuhi huchukuliwa hotelini, wakapelekwa kutazama jumba la makumbusho, wakalishwa chakula cha mchana, na alasiri wakapewa usukani. Jioni hurejeshwa walikotoka wakiwa na picha.

Biashara hii imeenea pembe nyingi za dunia, lakini kitovu chake ni Italia, katika jimbo la Emilia-Romagna, kandokando ya miji ya Bologna na Modena. Ferrari iko Maranello, Lamborghini iko Sant'Agata Bolognese, Pagani iko San Cesario sul Panaro, na Maserati iko Modena kwenyewe. Kutoka kiwanda kimoja hadi kingine si safari ya kutwa, ndiyo maana wafanya biashara wa utalii wakaona yafaa kuvifunga vyote katika furushi moja la siku moja.

Silizungumzi jambo hili kwa kuwa napenda magari. Nalizungumza kwa sababu picha zinazopigwa huko, pamoja na zile zinazopigwa Dubai na Abu Dhabi, zimekwisha kuingia majumbani mwetu hapa pwani na kuanza kukata mashauri ambayo zamani yalikatwa na baba na ami waliokaa kitako wakashauriana.

NYUMA YA LORI LA VIGAE

Nilifika Maranello pamoja na kijana wa kwetu, mzaliwa wa Kibokoni, ambaye anafanya kazi katika ghala moja huko Bologna. Mji wenyewe ni mdogo. Nje ya makumbusho ya Ferrari, yaliyofunguliwa mwaka 1990, utaona magari mekundu yamepangwa kando ya njia, na watu wanakuita uingie kama vile makuli wanavyomwita abiria. Watu hao si wa kiwanda. Ni wenye kampuni ndogo ndogo zilizonunua magari yaliyokwisha kutumika, na wanayakodisha kwa dakika. Dakika 10 za gari la bei ya chini huwa kiasi cha Yuro 100 au zaidi, na kadiri gari linavyokuwa jipya na muda unavyokuwa mrefu, ndivyo bei inavyopanda.

Kabla ya kuketi, kijana wetu alitakiwa aonyeshe leseni. Asiyekuwa na leseni ya nchi za Muungano wa Ulaya sharti awe na leseni ya kimataifa au tafsiri rasmi pamoja na leseni ya kwao. Kisha akatiliwa mkataba mbele yake. Hapa ndipo palipo na mambo, kwani bima ya gari la namna hii hailipi hasara yote. Kuna kiasi ambacho kikiharibika chombo humwangukia mwendeshaji mwenyewe, na kiasi hicho chaweza kuwa maelfu ya Yuro. Faini ya mwendo wa kasi nayo humfuata mtu hadi nyumbani kwa barua, hata miezi ikiwa imekwisha kupita. Nilimwambia asitie sahihi mpaka amesoma kila mstari, naye akasoma.

Aliingia, na mwalimu wa kampuni akaketi ubavuni pake. Mimi nilikunjwa kiti cha nyuma, mahali palipofaa kuwekwa kikapu. Injini ikanguruma, na nakiri kwamba sauti ile ina utamu wake. Lakini sheria ya Italia ni kilomita 50 kwa saa mjini, na 90 katika barabara za kawaida nje ya mji. Magari ya Ferrari ya siku hizi, kama F8 Tributo, yaweza kufika kilomita 340 kwa saa. Sasa fikiri mwenyewe. Maranello iko karibu na Fiorano na Sassuolo, na hapo ndipo Italia inapotengeneza vigae vyake vya sakafuni. Barabara zimejaa malori ya vigae. Sehemu kubwa ya dakika zetu kumi tulikuwa nyuma ya lori moja lililoelemewa na mzigo, tukienda mwendo ambao matatu ya Likoni ingetupita.

Tulipoteremka nilimwuliza, "Umeonaje?"

Akacheka, akasema, "Ami, mshahara wa siku mbili umekwenda. Lakini picha ni nzuri."

Sikumlaumu. Ni fedha yake, ameivujia jasho, na hakumnyima mtu haki. Wala si halali kwangu kumwita mtu mbadhirifu kwa furaha ya dakika kumi. Nililolishika ni lile neno lake la mwisho, kwa sababu ndilo linalofichua biashara hii inauza nini.

KWA NINI INALIPA

Siasa ya Ferrari tangu zamani ni kutengeneza magari machache kuliko yanayotakiwa na wanunuzi. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilitoa magari 13,752 tu kwa dunia nzima. Mtu mwenye fedha zake huingia katika orodha akangoja. Kiwanda chenyewe hakiingiwi na mtalii wa kawaida. Atakachopata ni kupitishwa kwa basi katika njia za kiwandani na kando ya uwanja wa majaribio wa Fiorano, uliojengwa mwaka 1972, naye hatashuka.

Basi mlango ukifungwa, hutokea watu wakauza kuchungulia dirishani. Tufanye hesabu ya kitoto. Gari moja likikodishwa mara nne kwa saa kwa Yuro 120, saa moja imeingiza Yuro 480. Toa mafuta, matairi, bima na mwalimu, na bado mwenye gari anacheka. Mkodishaji hahitaji mteja aende kasi. Kwa kweli afadhali asiende kasi. Anahitaji mteja aonekane tu.

Kwa Mwislamu kuna jambo jingine la kuangaliwa katika ziara za kutwa. Chakula cha mchana cha Emilia mara nyingi huwa ni paja la nguruwe lililokaushwa na mvinyo wa Lambrusco. Hata jibini yao mashuhuri ya Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enyo cha tumbo la ndama, na siki ya Modena inayouzwa kwa wingi huchanganywa siki ya mvinyo. Anayejali mambo hayo na amwambie kiongozi wa ziara mapema, asingoje mpaka sahani imekwisha kuwekwa mezani.

TREKTA, MWOKA MIKATE NA SHULE

Wahenga wetu walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Katika siku ile nzima ya utalii, jambo hili ndilo linaloelezwa kwa haraka kuliko yote, na kwangu ndilo lililokuwa na thamani kuliko yote.

Enzo Ferrari alizaliwa Modena mwaka 1898. Mwaka 1929 aliunda kikosi cha mashindano, na kwa miaka mingi alitumia magari ya Alfa Romeo, si yake. Gari la kwanza lenye jina lake lilitoka Maranello mwaka 1947, naye wakati huo umri wake umekaribia miaka hamsini. Mwaka 1969 aliuza nusu ya kampuni kwa Fiat ili apate mtaji. Katika mji ule mdogo kuna shule ya ufundi yenye jina la mwanawe Alfredo, aliyefariki kijana mwaka 1956. Vijana wa Maranello husomea humo kazi za mashine.

Ferruccio Lamborghini alikuwa mtoto wa wakulima. Baada ya Vita Vikuu vya Pili aliokota vyuma na mitambo iliyoachwa na majeshi, akatengeneza matrekta. Kiwanda cha magari alikianzisha mwaka 1963. Husimuliwa kwamba aligombana na Enzo Ferrari juu ya klachi, naye akaapa kutengeneza gari lake mwenyewe. Kisa hicho kiwe ni kweli ama kimetiwa chumvi, matrekta yalikuwako kabla ya gari la fahari.

Wa tatu ndiye ninayetaka vijana wetu wamwangalie sana. Horacio Pagani hakuzaliwa Italia. Alizaliwa Argentina mwaka 1955, mtoto wa mwoka mikate. Alihamia Italia katika miaka ya 1980, akaanza kazi Lamborghini katika vyeo vya chini. Alijifunza kutumia nyuzi za kaboni, akafungua karakana yake, na mwaka 1999 akatoa gari lake la kwanza, Zonda. Huyo naye alikuwa mhamiaji, kama vijana wetu. Alivuka bahari kufuata ujuzi, na ule ujuzi ukamletea gari.

Tazama pia upande wa Ghuba. Mwaka 2005 shirika la Mubadala la Abu Dhabi lilinunua asilimia 5 ya Ferrari, na mwaka 2010 Fiat ikazinunua tena hisa hizo. Mwaka huo huo wa 2010 Abu Dhabi ikafungua bustani kubwa ya starehe yenye jina la Ferrari. Hisa zilirudi Italia, na bustani ikabaki Abu Dhabi. Siwadharau ndugu zetu wa Ghuba, ambao wamejenga mambo makubwa kwa muda mfupi. Nasema tu kwamba fedha yaweza kununua jina na starehe, lakini mkono wa fundi hauhami kwa hundi.

Nasi Wakenya tulipata ushahidi wetu nyumbani. Mwaka 1974 katika Safari Rally, Joginder Singh aliyashinda magari ya kifahari, pamoja na Porsche, akiwa ndani ya Mitsubishi Lancer. Lancia Stratos, iliyotiwa injini ya Ferrari, ilikuja Safari zaidi ya mara moja na haikushinda kamwe. Marehemu Joginder alikuwa fundi kabla hajawa bingwa, na alilijua gari lake mpaka parafujo.

Hata kasi yenyewe ina maana inapokuwa na shughuli. Mwaka 2020 polisi wa Italia walitumia Lamborghini kuchukua figo kutoka Padova hadi Roma, yapata kilomita 490, kwa muda wa saa mbili hivi, kumwokoa mgonjwa. Hiyo ni kazi ya gari. Kuegemea boneti si kazi ya gari.

PICHA INAPOVUKA BAHARI

Sasa turudi kwetu. Picha ya kijana wa Kibokoni ilitumwa kwa simu usiku ule ule, na kwao waliijua hadithi yake kwa sababu aliwaandikia, "Nimekodi dakika kumi." Wangapi huandika hivyo? Kule Dubai magari haya hukodishwa kila pembe, na yasiyokodishwa husimama nje ya mahoteli, mtu yeyote aweza kuegemea akapigwa picha. Mpigaji aweza kuwa mlinzi wa hoteli hiyo hiyo. Ulinzi ni kazi ya heshima na wengi wamesomesha wadogo zao kwayo. Lakini picha haimwonyeshi mlinzi. Yaonyesha tajiri.

Mtaani kwetu pana kijana aliyekuwa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi wa magari, na mwalimu wake alimsifu. Alipokea picha kama hiyo kutoka kwa mwenziwe aliyetangulia Ghuba. Hakumwuliza gari ni la nani. Aliacha masomo, mama yake akauza bangili mbili ili apewe wakala, na mpaka leo wakala anasema viza iko njiani. Tazama kinyume kilichopo: alikuwa akijifunza kulifungua na kulifunga gari, akaacha ili akatafute picha ya kusimama mbele ya gari.

Sisemi vijana wasisafiri. Watu wa pwani tumevuka bahari tangu enzi za pepo za kaskazi na kusi, na nyumba nyingi za Mji wa Kale zimejengwa kwa jasho la ng'ambo. Wala sisemi anayeweza asionje usukani wa gari la fahari, maadamu amesoma mkataba na hakukopa. Ninalolitaka ni kwamba walioko huko watume picha pamoja na habari yake, na walioko hapa wasiipokee picha bila kuuliza. Swali la "Gari hilo ni la nani?" si la husuda. Ni swali ambalo mjomba yeyote mwenye akili angeliuliza kabla ya kukubali posa.

Tena wazazi wenye watoto katika karakana za Mombasa na Malindi, waliochafuka grisi mpaka viwikoni, wasiwaonee haya mbele ya wale wenye picha. Lamborghini alianza hivyo hivyo.

Kijana wa mtaani kwetu amebakiza mwaka mmoja tu wa masomo. Mwalimu wake ameniambia nafasi yake bado hajapewa mtu mwingine, na muhula mpya unafunguliwa karibuni. Bangili haziwezi kurudi, lakini darasa linaweza kurudiwa, na mama yake ameniomba nikaseme naye. Nitakwenda.