Ugumba Quiterajo: jasho lipo, chakula hakitoshi

Mwongozo wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani, WHO, kuhusu ugumba, uliotolewa Novemba 2025, unawashauri wanaotafuta mtoto kula vyema, kufanya mazoezi na kuacha tumbaku. Ushauri huo una msingi: unene uliokithiri huvuruga upevukaji wa mayai, na mazoezi ya wastani husaidia kuurejesha.

Lakini Quiterajo, kwenye pwani ya Macomia kaskazini mwa Msumbiji, mwanamke hana haja ya kutafuta mazoezi. Hulima kwa jembe, huteka maji, hukusanya chaza na pweza maji yakipwa. Na tangu vita vya Cabo Delgado vianze Oktoba 2017, wengi wameyakimbia mashambulizi kwa miguu. Mwili unaotumia nguvu kupita chakula unachopata hujihami: ubongo hupunguza homoni za uzazi, na hedhi hukoma. Mara nyingi hurejea lishe inapotosha.

Maambukizi ya zinaa yasiyotibiwa, yanayoziba mirija ya uzazi, ni chanzo kizito zaidi barani Afrika. Hayo huhitaji zahanati, si jasho, na mji wa Macomia wenyewe ulishambuliwa Mei 2024. Mume naye apimwe, ingawa lawama humwangukia mke.