Ghuba ya Ungwana na Mto Ulioihamia

Wazazi, leo itandazeni ramani ya Kenya mezani, watoto wasogee. Fuateni pwani kwa kidole kutoka Malindi kwenda kaskazini. Mkishapita Ras Ngomeni mtaona nchi imeingia ndani, hadi Ras Shaka karibu na Kipini. Hiyo ndiyo Ghuba ya Ungwana.

Wareno waliiita Formosa, yaani nzuri. Jina la Ungwana ni la mji wa kale wa Waswahili ambao magofu yake ya misikiti na makaburi yangali karibu na Kipini. Kipini kwenyewe wanaonyesha kaburi wanalosema ni la Fumo Liyongo, shujaa na mshairi ambaye wanafunzi wetu humsoma darasani.

Lakini mlezi hasa wa ghuba hii ni Mto Tana. Hutoka Nyandarua na Mlima Kenya, ukasafiri kilomita zipatazo 1,000 huku umebeba udongo. Udongo huo ndio unaolisha mikoko, na mikoko ndiyo malezi ya samaki na kamba (wa kuliwa, si wa kufungia mbuzi!).

Je, mwajua kwamba Tana hapo zamani haukuishia Kipini? Ulimwaga maji yake kusini zaidi. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi. Mto ukaipenda njia mpya, ukahama.

Sasa, sisi wa Nairobi tunahusika vipi? Tunahusika sana. Stima yetu nyingi ilitokana na mabwawa ya Tana, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga 1981 na Kiambere 1988. Maji ya Ndakaini tunayonywa ni ya Mto Thika, ambao nao humwaga Tana. Kila bwawa huzuia sehemu ya ule udongo. Na mto ukipungua nguvu wakati wa kiangazi, bahari hupanda ndani. Wakulima wa Ozi wamelalamika mara nyingi kwamba maji ya chumvi yanaharibu mpunga na miembe yao.

Hakuna anayetaka turudie koroboi. Lakini tunapogawana maji huku juu, tukumbuke kuna mwenzetu kule chini anayengoja fungu lake.

Tukutane Jumapili ijayo.