UKUTA USIO NA MLANGO

Wahenga wetu walituachia neno: usipoziba ufa utajenga ukuta. Visiwani mwetu neno hili si fumbo tena, bali ni habari ya kila bamvua. Ufa ulikuwapo, nao ni ile mikoko iliyokatwa ikapelekwa tanuuni kuchomea chokaa, ikauzwa boriti na kuni, na pahala pake pakabaki tope tupu. Hatukuuziba. Sasa bahari yapanda mabondeni, na kila upande wasikia sauti moja: ukuta, ukuta, ukuta!

Wala sisi hatuji leo kusema ukuta usijengwe. Lau tungesema hivyo tungekuwa tunawafanyia mzaha ndugu zetu wa Kisiwa Panza na wa mabonde mengine ya Pemba, ambao maji ya chumvi yamewaingilia makonde yao ya mpunga na kuwavunja moyo wa kulima. Konde lililonywa chumvi halirudishi hata mbegu iliyotiwa. Ukuta, pahala panapouhitaji, ni haki ya raia kwa Serikali yake, na si sadaka. Tunalouliza ni hili: ni ukuta wa namna gani, utapita wapi, na ni nani aliyeulizwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa?

Kwanza na tuitazame bahari yenyewe. Wataalamu wa mataifa mbalimbali wanaochunguza tabianchi walieleza katika taarifa yao ya mwaka 2021 kwamba baina ya 1901 na 2018 wastani wa kimo cha bahari duniani ulipanda kwa sentimita 20, na kwamba baina ya 2006 na 2018 mwendo wake ulikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Asiyekaa pwani aweza kucheka akasema, milimita ni kitu gani? Lakini bonde la mpunga lililo kando ya hori halikutengwa na bahari kwa mlima. Limetengwa kwa kimo kidogo cha ardhi, na katika visiwa hivi tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Yanapokwisha kufika ukingoni, kidogo tu huyavusha.

Sasa tuchukue mfano wa hori moja, lolote katika mahori yetu. Upande wa juu pana mkulima wa mpunga, naye ataka hori lizibwe leo kabla ya kesho. Upande wa chini pana mwanamke aokotaye chaza na kombe maji yakitoka, na mumewe avuaye kamba na mkizi. Hawa wataka hori libaki wazi, kwani likizibwa, kitoweo chao kimezibwa pamoja nalo. Yupi mwenye haki? Sisi twasema wote wawili. Aghalabu watu hawa si maadui hata kidogo. Ni mtu na shemeji yake, na pengine ni mtu mmoja huyo huyo, alimaye masika na avuaye kaskazi. Basi mwenye kuja na mpango wa kumwokoa mmoja kwa kumwangamiza mwenziwe, huyo hakuleta ulinzi, ameleta ugomvi.

Wapo wasemao kwamba dawa ni mikoko peke yake. Nasi twaipenda mikoko, lakini yatupasa kusema kweli. Mikoko huvunja wimbi. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali waonesha kwamba mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha mawimbi ya upepo kwa kiasi cha asilimia 13 mpaka 66, kwa kadiri ya wingi wa miti na kina cha maji. Mizizi yake hukamata tope, na tope likipatikana, ardhi hupanda pamoja na bahari. Hilo jiwe la ukuta haliwezi, maana jiwe halioti. Mikoko hulea kaa, kamba na vitoto vya samaki ambao baadaye tunawanunua sokoni. Lakini maji ya bamvua yapandayo polepole bila wimbi, mikoko haiyazuii. Hupita baina ya mizizi kama yalivyopita siku zote. Mwenye kumwambia mkulima wa bonde kwamba miche aliyopandiwa leo italilinda konde lake mwakani, anamdanganya.

Kadhalika tumechoshwa na upandaji wa kupigia picha. Mikoko si mchicha. Mlilana husimama mbele, upande wa bahari. Mkoko hukaa katika tope la nyuma yake. Mkandaa na mchu huelekea nchi kavu. Ukichukua mche wa mkoko ukauchomeka katika mchanga wazi, au juu ya majani ya bahari ambayo hayakupata kuwa na mti, hukupanda, umeutupa. Na pale ambapo njia ya maji imefunguliwa upya na miti mama ingali karibu, mara nyingi mbegu huja zenyewe na bahari, zikashika pahala pazipendapo.

Na wapo wasemao dawa ni ukuta peke yake. Hawa nao tuwaulize. Mvua ya masika itokayo juu itapita wapi, ikiwa hori limezibwa mdomo? Itasimama bondeni, na mkulima aliyeokolewa na maji ya chumvi atazamishwa na maji matamu. Konde lililokwisha kuingia chumvi litaoshwa na nini, ikiwa maji ya mvua hayana pa kutokea? Na lile tope la mikoko lililobaki nyuma ya ukuta, likikauka kabisa na kupigwa na hewa, huweza kugeuka tindikali inayochoma mizizi ya mimea. Ama ukuta wa jiwe uliosimama wima ufukweni, wimbi huupiga likarudi na nguvu yake, likachimba mchanga wa miguuni pake, na mara nyingi likaufuata ufukwe wa jirani ambaye hakujengewa kitu.

Kuziba hori si jambo geni kwetu. Hapa mjini, jina la Darajani latukumbusha daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono ule ulifukiwa, daraja likaondoka, jina likabaki. Kufukia twakujua sana. Tusilolijua bado ni kuishi na maji bila kuyafukia.

Katika elimu hiyo pana taifa moja lililolipa karo kubwa, nalo ni Uholanzi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja kuta za kusini-magharibi ya nchi ile, ikaua watu 1,836. Serikali yao ikaazimia kuifunga mikono mikubwa ya bahari kwa mabwawa, mmoja baada ya mmoja. Haringvliet ukafungwa mwaka 1970, na Grevelingen mwaka 1971. Watu wakalala kwa amani. Lakini Grevelingen, uliokuwa ukijaa na kupwa, ukawa ziwa la maji yaliyosimama, na viumbe wake waliozoea kujaa na kupwa wakapotea.

Ikabakia Oosterschelde, nao ulikuwa na mashamba mashuhuri ya chaza na kome. Hapo wavuvi wa mji wa Yerseke wakasimama pamoja na wapenda viumbe wa baharini, wakasema: mkono huu usifungwe. Mambo hayakuwa mepesi. Walikuwapo wananchi wengine wa jimbo lile lile, waliokuwa hawajasahau mwaka 1953, ambao walisema kuchelewesha ukuta ni kuchezea roho za watu. Nao hawakukosa haki. Yakajadiliwa kwa miaka, na mwaka 1976 Bunge lao likakubali njia ya tatu. Badala ya bwawa la kuziba, ulijengwa ukuta wenye malango 62 ya chuma, ambao ulifunguliwa rasmi tarehe 4 Oktoba 1986. Malango hayo siku zote hukaa wazi, bahari ikaingia na kutoka. Hufungwa tu pale inapotabiriwa kuwa maji yatafika mita 3 juu ya kiwango chao cha kawaida. Gharama yake ilizidi sana ile ya bwawa la kuziba. Lakini watu hawakuzama, na chaza hawakufa.

Msomaji na aizingatie habari hii. Waliopinga mpango wa kwanza hawakuwa maadui wa usalama wala wa maendeleo. Lau wangalinyamazishwa, nchi ile ingalipata kitu duni kuliko ilichokipata. Na hata katika yale mabwawa yaliyokwisha kujengwa, Waholanzi wamerudi kutoboa milango: Grevelingen ulifunguliwa lango la kuingizia maji ya bahari mwaka 1978, na mwaka 2018 ukaanza kutekelezwa uamuzi wa kuacha wazi kidogo malango ya Haringvliet ili samaki wahamao wapate kupita.

Wala hatusemi kwamba njia ya tatu haina dosari. Kwa kuwa maji ya Oosterschelde hupita kwa nguvu ndogo kuliko zamani, mchanga wa mafungu yake huporomokea katika mikondo na maji hayawezi tena kuurudisha juu, hata imewalazimu kuyajaza kwa mitambo mafungu ambayo bahari ilikuwa ikiyajaza bure. Kila ukuta una bei yake. Serikali yenye insafu huitaja bei hiyo kabla ya kununua.

Haitupasi kuiga chuma na fedha za Uholanzi, kwani hatunazo. Tunaloweza kuiga ni fikra yake, nayo haihitaji mamilioni. Katika tuta la udongo la bonde la mpunga, bomba lenye mfuniko unaoning'inia upande wa bahari huweza kuyatoa maji ya mvua yakitoka juu na kujifunga lenyewe bahari ijaapo. Huo ni mlango.

Basi madai yetu ni haya. Kwanza, ukuta wa jiwe uwekwe pale penye nyumba, visima, makaburi na barabara visivyoweza kuhama. Na penye bonde lijengwe tuta lenye mlango, wala hori lisizibwe kabisa. Pili, tuta lipite nyuma ya mikoko, si mbele yake, ili mikoko ibaki upande wa bahari ikivunja wimbi kabla halijaufikia udongo. Huko Uingereza, pahala paitwapo Medmerry, mwaka 2013 walijenga tuta jipya la kilomita 7 ndani ya nchi, wakautoboa ukingo wa changarawe wa ufukweni, na hekta 183 zikaachiwa maji kujaa na kupwa. Kwetu ardhi ni haba, na kila kipande kina mwenyewe. Basi yule ambaye konde lake litaachwa upande wa bahari alipwe kwanza, tena kwa haki, ndipo tuta lipimwe. Tatu, fedha ya kulitunza tuta itengwe siku ile ile inapotengwa fedha ya kulijenga, kwa sababu mlango ulioziba kwa matope ni sawa na ukuta usio mlango. Nne, mkulima na mwokota chaza wakae baraza moja na mhandisi, kabla ya ramani kuchorwa na si baada yake. Sheria ya Misitu ya Zanzibar Namba 10 ya mwaka 1996 imeruhusu wanavijiji kufanya mapatano ya kuisimamia misitu yao. Waliokwisha kuaminiwa kuilinda mikoko hawawezi kuwa wageni unapozungumzwa ukuta utakaopita kando yake.

Huenda tukaambiwa tena kwamba sisi wa upinzani kazi yetu ni kupinga tu. Jawabu letu ni kwamba tumetaja tunachokikataa na tumetaja tunachokitaka, na mwenye neno bora kuliko hili na alilete. Kurasa hizi ni wazi kwake. Lakini lisiletwe neno la kuwaambia watu wa hori moja wachague baina ya wali na kitoweo. Tangu wazee wetu walipokaa visiwa hivi vilikuwa katika sahani moja, na ukuta utakaojengwa kwa jina lao hauna haki ya kuvitenga.