Kemshafti Haiendi Peke Yake

Liko jambo linalotendeka kila siku katika gereji zetu za Mwanza, kuanzia Nyakato hadi Igogo, nalo linanikera kuliko mashimo ya barabara. Hiace inaletwa ikigonga juu na nguvu imepungua. Fundi anafungua kifuniko na kukuta nundu za kemshafti zimelika. Anamwambia mwenye gari, "Tajiri, kemshafti imekwisha." Tajiri anajibu, "Weka nyingine, basi." Nagombana na hilo neno "basi".

Nichukue injini moja ambayo wengi wetu tunaijua, Toyota 3L ya dizeli. Kemshafti yake imelala juu ya silinda hedi na inazungushwa na mkanda wa taimingi unaotoka kwenye kranki. Kila nundu inakandamiza kisahani kidogo cha chuma kilichokaa juu ya tapeti, na tapeti inafungua valvu. Kranki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kemshafti inazunguka mara 1,500. Maana yake kila nundu imekigonga kisahani chake mara 1,500 katika dakika hiyo moja. Vyuma viwili vilivyosuguana hivyo kwa miaka vimezoeana kama mchi na kinu. Ubovu wa kimoja umeandikwa kwenye kingine. Ukileta kemshafti mpya ukaikutanisha na visahani vilivyochimbika, hujaiponya injini. Umenunua kemshafti ya pili ya kuliwa.

Basi tubadili nini? Kanuni yangu ni fupi. Kwanza, badili kinachogusana nayo: visahani, na tapeti yoyote yenye mikwaruzo. Visahani huuzwa kwa unene tofauti, kwa hiyo nafasi za valvu zipimwe upya kwa fila geji, moja baada ya nyingine. Nimeona kisahani kikisagwa kwenye jiwe la kunolea ili kienee. Ugumu wa chuma kile uko kwenye ngozi yake ya juu. Ukiisaga ngozi, umebaki na chuma laini.

Pili, angalia kinachoizungusha. Mkanda wa taimingi wa injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000, na Toyota waliweka taa kwenye dashibodi ya kukumbusha. Taa hiyo nimeiona imezibwa kwa utepe mweusi! Kemshafti haitoki bila mkanda kufunguliwa. Kazi imekwisha kufanyika na ufundi umekwisha kulipwa. Kuna akili gani kurudisha mkanda mkuukuu, puli iliyolegea na sili inayovuja? Mkanda ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na hapo tajiri atazungumzia hedi nzima.

Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa kabisa, tafuta muuaji. Kemshafti haifi kwa uzee tu. Mara nyingi imekufa kwa oili: oili iliyokaa mpaka ikawa lami, au chujio lililoziba. Na unga wa chuma uliotoka kwenye nundu umekwenda wapi? Umeshuka chini kwenye sampu. Ishushwe, ioshwe, chujio la kunyonyea lisafishwe, presha ya oili ipimwe.

Lakini nisionekane kuwapigia debe wauza spea. Wako mafundi ambao, ukiwatajia kemshafti, wanakuandikia karatasi ndefu: pistoni, ringi, beringi zote, valvu zote. Ukiuliza sababu, unaambiwa, "Bosi, injini ni moja." Maneno hayo ni matamu kwa mwenye duka. Pistoni haigusani na kemshafti. Kama kompresheni imepimwa kwa geji na silinda zote ziko sawa, ringi zina kosa gani? Kisichopimwa kisihukumiwe.

Hapa ziwani tunao mfano. Meli ya MV Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, ilisimama mwaka 2014, ikafanyiwa matengenezo makubwa hapa Mwanza na kurudi majini mwaka 2020 ikiwa na injini mpya. Mwili wake wa zamani haukutupwa. Watu walikaa wakaamua kipi kibaki na kipi kiende.

Neno kwa vijana wanaotaka kemshafti yenye nundu ndefu ili gari "lichanganye": kwenye dizeli, pistoni hupanda mpaka karibu ya kugusa hedi. Hakuna nafasi ya valvu kushuka zaidi ya ilivyopangwa na watengenezaji. Anayekuuzia ndoto hiyo hatakuwepo siku vyuma vitakapokutana.

Najua jibu la matajiri: hela hakuna, hesabu ya siku inasubiriwa. Nawauliza: gari likirudi gereji baada ya miezi mitatu, hesabu inaletwa na nani? Dereva na konda, ambao hawana mshahara, watalisha nini watoto wao wiki hiyo? Na mama aliyepakia mgonjwa kutoka Misungwi kwenda Bugando, akashushwa njiani usiku, deni lake analipa nani? Rahisi ni ghali, na mara nyingi anayelipa ghali hiyo siye aliyetafuta rahisi.

Kwa hiyo mwenye gari adai kuonyeshwa kila kipuri kilichotolewa na kila kipimo kilichochukuliwa. Fundi mwaminifu hatachukia. Na kabla injini haijawashwa, ahakikishe nundu zote mpya zimepakwa oili. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano.