Wastani wa joto unamdanganya mkulima

Leo tuache Linux kidogo, tuongee mahindi. Nimechoka na programu za kilimo zinazomwonyesha mkulima namba moja tu ya joto kwa siku, yaani wastani. Sisi watunzi wa programu tunaupenda kwa kuwa ni rahisi kuuhifadhi. Lakini hebu piga hesabu: usiku nyuzi 19, saa nane mchana nyuzi 37. Wastani ni 28. Skrini ni kijani, mambo shwari. Shambani, kama mahindi yanachanua, hakuna shwari yoyote.

Sababu imo ndani ya chavua, ule unga wa njano unaomwagika kutoka juu ya mhindi. Protini ni mnyororo uliokunjwa, na kazi yake hutegemea hayo makunjo. Joto likizidi, makunjo hulegea na protini hugandana, kama ute wa yai kwenye kikaango. Karibu viumbe vyote vina kinga: protini za mshtuko wa joto, zinazoshika zile zilizolegea zisigandane na kuzisaidia kujikunja upya. Dalili ya kwanza ya mfumo huu iliripotiwa na Ferruccio Ritossa mwaka 1962, kutoka kwa vijinzi vya matunda. Majani ya mhindi huzitengeneza, hata ndevu za hindi pia. Chavua iliyokomaa ndiyo inayoshindwa. (Ajabu eh, aliyebeba kizazi kijacho ndiye hana antivairasi!) Chavua ikifa, mkulima huvuna magunzi yenye mapengo, kisha analaumu mbegu.

Mwaka 2011 David Lobell na wenzake walichambua majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika. Kila nyuzi moja juu ya 30 iliyodumu siku nzima ilipunguza mavuno kwa 1% hata mvua ikitosha, na 1.7% penye ukame. Kwa hiyo usiniambie shida ni maji tu.

Dawa yake kwenye programu ni ndogo. Hifadhi joto la kila saa, muulize mkulima tarehe ndevu zilipotoka, kisha hesabu saa zilizopita nyuzi 35 karibu na siku hizo. Haitaokoa msimu huo, nakubali. Lakini mwenye maji ya mfereji kule Hola ataweza kusogeza tarehe ya kupanda. Wa Kitui anayengoja mvua hana hiari hiyo. Yeye atachagua mbegu inayochanua mapema, kama Katumani.